Tovuti Isiyofunguka Mchana

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na tovuti nimetengeneza. Nasema hivi mwanzoni ili anayetaka kucheka acheke kabisa, amalize, tuendelee.

Sikuitengeneza peke yangu. Tulikuwa wawili, mimi na mjukuu wangu mkubwa, binti wa mwanangu wa kiume, anayeishi kwangu hapa Mwankoko tangu alipomaliza shule. Alikuwa anakwenda mjini kujifunza kompyuta, na huko waliambiwa kila mmoja atengeneze tovuti inayotembea na kujibu. Yaani isiwe kama gazeti, unasoma na kugeuza ukurasa. Vitu vyenyewe vitembee, na mtu akigusa, kitu kimjibu. Wenzake wakachagua maduka: la viatu, la simu, la vitenge. Na yeye akaanza duka la mafuta ya alizeti. Aliweka picha ya chupa, chupa ikawa inazunguka, inazunguka.

Nikamuuliza, "Hiyo chupa inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, bibi. Inapendeza tu."

Nikaiacha izunguke. Mimi nilikuwa na jambo langu lililonikera, na lilikuwa Dar es Salaam.

Huko anaishi binti yangu na mumewe, na wana mtoto mmoja wa kiume, miaka sita. Huyo ndiye mume wangu. Hapa kwetu bibi akimwita mjukuu wa kiume mume, au wa kike mke mwenza, hakuna anayeshangaa, ndio utani wetu. Lakini mtoto aliyekulia mbali utani huo haujui. Kila Jumapili binti yangu alikuwa ananipigia simu na kumpa mtoto.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekula?"

"Ndiyo."

"Umekula nini?"

Hapo nasikia, kwa mbali: "Mama, chukua simu yako."

Hivyo tu, Jumapili zote. Siku moja nilimsikia akimuuliza mama yake kwa sauti ya chini, "Kwa nini yule bibi anasema mimi mume wake? Mimi siyo mume wake." Mama yake akacheka, na mimi nikacheka, ila usiku ule nilikula ugali kidogo.

Mimi nimelea watoto wangu na nimelea wajukuu, na wote nimewashika kwa hadithi. Majirani walikuwa wanaleta wa kwao. Nikisimulia, hata mtoto mwenye homa anatulia. Kwa hiyo nikajisemea, huyu wa Dar nitamshika kwa hadithi hiyohiyo, hata kama ni kwenye simu. Nikajaribu. Nikaanza na fisi, maana fisi hajawahi kuniangusha.

Sasa lazima nieleze kitu kimoja, maana bila hicho mengine hayaeleweki. Nilivyofundishwa mimi, anayesikiliza hadithi naye ana kazi. Msimuliaji anasema kipande, msikilizaji anaitikia "ee". Kipande kingine, "ee". Ukikosa kuitikia, msimuliaji ananyamaza. Huenda umelala, huenda hutaki, sasa aendelee kumwambia nani? Ndivyo mama yangu alivyotusimulia kwa Kinyaturu, na mimi sijui kusimulia kwa namna nyingine.

Nikamwambia mtoto, "Palikuwa na mama mmoja, ana mbuzi kilema." Nikangoja. Hakuna ee. Nikaendelea kungoja. Nikamsikia anasema, "Mama, bibi amekatika."

Nilikata simu mwenyewe, hasira zimenipanda. Mjukuu wangu mkubwa alikuwa pale mezani na chupa yake inazunguka. Nikamwambia, "Mke mwenza, acha chupa. Weka fisi wangu."

"Fisi gani tena, bibi?"

"Fisi atembee. Mtoto asiposema ee, fisi akae chini. Akisema ee, fisi aendelee. Si wamekuagiza kitu kinachotembea na kujibu? Au mimi sikusikia vizuri?"

Akanitazama. Akatazama chupa. Chupa aliifuta palepale.

Kazi haikuwa nyepesi, na yeye mwenyewe alikuwa bado anajifunza. Kwanza alinionyesha fisi aliyemtoa kwenye mtandao, anacheka kama mgombea. Nikamwambia huyu simtaki. Nikachukua boksi la sabuni, nikalichana, nikachora wa kwangu kwa mkaa: mgongo umeshuka nyuma, shingo nene, meno. Meno niliyarudia mara kadhaa mpaka yakanitisha mimi mwenyewe. Akampiga picha kwa simu. Nilidhani tumemaliza, kumbe fisi wa kutembea hachorwi mzima. Miguu inachorwa mbali, kila mmoja peke yake, kichwa mbali, halafu vinaunganishwa ndani ya kompyuta, na kila kiungo unakiambia kiende vipi. Nikachora miguu minne na kichwa, nikavipanga juu ya meza. Jirani aliyekuja kuazima ungo alivitazama akaondoka bila ungo.

Siku ya kwanza fisi alitembea bila kunyanyua mguu, kama anavutwa kwa kamba. Tulimcheka mpaka tukachoka. Siku iliyofuata miguu yote minne ilinyanyuka pamoja.

"Hiyo ni meza," nikamwambia.

"Subiri, bibi. Nimechanganya."

Alikuwa hajui, akaenda kumuuliza mwalimu wake, akarudi na jibu, jibu likakataa, akaenda tena. Umeme ukikatika, na kompyuta yenyewe inazima, maana betri yake ilikufa kwa mwenye nayo wa kwanza. Mimi nachambua mbegu za alizeti, yeye ameshika kichwa. Lakini siku fisi alipotembea sawasawa, mguu huu mbele na ule nyuma, kichwa kinashuka na kupanda, niliita kuku wangu waje waone. Kuku hawakujali. Mimi nilijali.

Nikataka na mimi kuandika. Akanionyesha. Maneno ya tovuti yanafungwa kati ya alama mbili mbili, kama midomo ya kuku imetazamana. Alama ya kwanza inafungua, ya mwisho inafunga, na ile ya kufunga ina kijiti kimelala kwa upande. Usipofunga, shauri yako. Mimi nilifungua herufi nene kwa neno moja tu, "FISI", nikasahau kufunga, na hadithi yote mpaka chini ikawa nene kama mtu aliyevimba uso. Nilidhani nimeivunja kompyuta. Akaweka kile kijiti, ikapona. Tangu siku ile siachi wazi.

Na herufi zenyewe hazikupangwa kama tulivyofundishwa shuleni. Aliyezipanga alikuwa na ugomvi na mwalimu wake. A iko huku, B iko kule chini peke yake kama imefukuzwa. Mimi naandika kwa kidole kimoja, nikipata herufi naibonyeza kwa nguvu isije ikakimbia.

Hadithi yenyewe niliisema kwa mdomo, kipande kwa kipande, yeye akairekodi kwa simu. Ilibidi niitoe kwenye Kinyaturu, maana mume wangu Kinyaturu hana. Mwishoni mwa kila kipande tukaweka kitufe cha duara, kimeandikwa "Ee". Mtoto akikibonyeza, sauti yangu inaendelea na fisi anapiga hatua. Asipobonyeza, fisi anakaa chini, anageuza kichwa, anamtazama. Huko kugeuza kichwa lilikuwa wazo langu. Mama yangu ndivyo alivyokuwa anatutazama tukisinzia.

Tulipofika hapo mke mwenza akasema imekamilika. Nikamwambia bado, itafunguka mchana.

"Sasa si ndiyo vizuri? Itafunguka muda wowote."

"Hadithi haisimuliwi mchana."

Yeye anajua. Amekulia hapa. Mama yangu alituambia ukisimulia mchana ng'ombe wanapotea njia ya kurudi, na sisi tulimwamini, na hata sasa ambapo sina ng'ombe siwezi. Mdomo unakuwa mzito kabisa.

"Bibi," akasema, "mtandao hauna mchana wala usiku."

"Wewe unao?"

"Mimi ninao."

"Basi na tovuti yako itakuwa nao."

Alinung'unika, lakini alitafuta. Akagundua kwamba tovuti inaweza kuiuliza simu ya mtu: saa hizi ni saa ngapi? Kama muda haujafika, inakataa. Hilo lilinifurahisha kuliko hata fisi. Tukaweka picha ya jua, nililichora mimi, na chini maneno: "Jua bado lipo. Nenda kacheze." Nikamwambia muda wa kufungua na kufunga nitauandika mimi kwa mkono wangu, maana sheria ni yangu. Akaniachia nafasi mbili, akaenda jikoni kusonga ugali. Kufungua, saa moja jioni. Kufunga, saa nne, mtoto alale. Nikatafuta 1, nikabonyeza. Nikatafuta 4, nikabonyeza. Nikafunga alama zangu zote. Aliporudi alitazama, 1 na 4, akasema sawa, akaipandisha mtandaoni kwa bando alilokuwa amenunua asubuhi.

Jumapili ikafika. Binti yangu tulishampa taarifa: simu ya baba mtoto itabaki kwenye mazungumzo na sisi, ya kwake itafungua tovuti. Nilioga mapema. Nikavaa kitenge cha harusi, ingawa hakuna aliyekuwa ananiona. Mke mwenza akaniuliza, "Unakwenda wapi?" Nikamwambia naenda Dar es Salaam.

Giza lilipoingia wakapiga.

"Mama," binti yangu akasema, "inasema jua bado lipo."

"Jua gani?"

"Hili ulilochora. Huku ni giza, mama, taa zimewashwa."

Halafu nikasikia sauti ndogo, karibu kabisa na simu: "Bibi, tovuti yako inadanganya."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia, na ndiyo hayo. Mke mwenza akafungua ya kwetu. Jua. Akaizima akaiwasha. Jua. Akaanza kupekua maandishi yake mstari kwa mstari, anatafuta mdomo ulioachwa wazi, jasho linamtoka. Nikaona mtoto ataondoka. Nikasogeza simu.

"Mume wangu, ngoja nikusimulie kwa mdomo wakati dada yako anatengeneza. Palikuwa na mama mmoja..."

"Nataka fisi anayetembea. Mama alisema anatembea."

"Anatembea. Anakuja."

"Yuko wapi sasa?"

Mimi, ambaye nimetuliza watoto wa mtaa mzima, nikabaki nalitazama jua nililolichora mwenyewe. Binti yangu akachukua simu. "Mama, ameanza kusinzia, kesho ana shule. Tuache mpaka Jumapili nyingine?" Nilijua maana yake. Mtoto akishaambiwa fisi anatembea akaona jua la mkaa, Jumapili nyingine hata shikamoo ataitoa kwa kusukumwa.

"Mshike hapohapo," nikamwambia.

"Bibi," mke mwenza akaniita. Sauti yake ilikuwa ya ajabu. "Hapa umeandika nini?"

"Saa moja."

"Saa moja ya nani?"

"Ya watu wote."

Akaweka mikono kichwani, akaanza kucheka, akateleza kutoka kwenye kiti mpaka chini kwenye mkeka. Nilitaka kumpiga na kandambili. Ndipo akanieleza. Kompyuta haihesabu kama sisi. Yenyewe siku inaianza katikati ya usiku, sisi tumelala, halafu inakwenda moja kwa moja bila kurudi nyuma mpaka usiku mwingine. Saa moja yetu ya jioni yenyewe inaiita kumi na tisa. Na ile 1 yangu, kwake ni saa saba usiku.

"Fisi wetu angefunguka saa saba usiku, bibi, akafunga saa kumi alfajiri. Wangemsikiliza wachawi tu."

"Na wewe si uliona ukasema sawa?"

Akaacha kucheka. "Niliona," akasema. "Nikasoma saa moja mpaka saa nne, nikaona ni sawa kabisa."

"Kwa hiyo kompyuta ndiyo haijui saa."

"Inajua ya kwake."

"Nani mwenye akili anaanza kuhesabu siku watu wamelala? Siku inaanza jua likichomoza, mtu akasimama, akasema saa moja."

"Bibi, andika kumi na tisa. Mtoto analala."

Nikaandika 19. Nikaandika 22. Akaipandisha. Tukangoja. Halafu kutoka Dar es Salaam, kupitia simu mbili, nikaisikia sauti yangu mwenyewe inasema: "Palikuwa na mama mmoja, ana mbuzi kilema."

Na baada ya hapo, kelele ndogo ya kitufe. Ee.

Nilikaa kwenye kigoda.

Hadithi yangu ni hivi. Yule mama anakwenda kisimani, mbuzi kilema anabaki nyumbani kwa sababu hawezi malisho. Fisi anajua. Siku ya kwanza anakuja kuomba moto. Siku ya pili anakuja kuomba chumvi. Siku ya tatu haombi kitu, anakuja tu. Kila kipande nilikuwa nasikia kitufe. Mwanzoni alibonyeza haraka haraka, anataka fisi atembee. Halafu akaanza kuchelewa kidogo, nikajua sasa anasikiliza. Tukafika siku ya tatu. Sauti yangu ikasema: "Fisi akatazama huku, akatazama kule. Akaona mlango umerudishiwa tu, haukufungwa."

Kitufe hakikulia.

Nikangoja. Mke mwenza akaninong'oneza kwamba fisi sasa amekaa, anatazama. Nikangoja tena.

"Amelala?" nikauliza.

"Hajalala, mama," binti yangu akasema. "Ameficha mkono nyuma ya mgongo."

"Mpe simu. Mume wangu, bonyeza."

"Sibonyezi."

"Kwa nini hubonyezi?"

"Akiingia atamla."

"Nani kakuambia atamla?"

"Ana meno. Nimeyaona."

Meno yangu. "Bonyeza basi, ujue kilichotokea."

"Sibonyezi, bibi. Nisipobonyeza hatembei. Akae hapohapo."

Nimesimulia hadithi ile tangu nikiwa msichana. Watoto wameninyima ee kwa usingizi, kwa ujeuri, kwa mdomo uliojaa karanga. Kwa ajili ya kumwokoa mbuzi, hakuna hata mmoja. Nikamwambia hadithi haikai njiani, lazima ifike. Akanijibu, na nilisikia kabisa jinsi alivyovuta pumzi kwanza:

"Mimi si ndiyo mume? Nimesema asipite."

Mke mwenza aliuma kanga ili asipasuke. Mimi nikasema haya, baba, wewe ndiye mwenye nyumba.

Na hakurudisha simu. Akataka kujua kwa nini yule mama hakufunga mlango. Nikamwambia alikuwa na haraka. Haraka ya nini? Ya maji. Kwa nini asiende na mbuzi? Kilema, mguu. Mguu upi? Sikuwahi kuufikiria, nikasema wa nyuma, wa kushoto. Wewe bibi una mbuzi? Ninao. Kuna kilema? Hakuna, ila kuna mmoja mkorofi. Wanalala wapi? Kwenye banda, nyuma ya jiko. Fisi wapo huko? Zamani walikuwa wengi, siku hizi wanasikika mara chache.

"Bibi, mlango wa banda umefunga?"

"Nimefunga."

"Umefunga au umerudishia?"

Ikabidi mke mwenza atoke na tochi. Mtoto akangoja kwenye simu mpaka aliporudi na kusema kwa sauti, "Umefungwa, na kigogo kimewekwa." Ndipo akakubali kwenda kulala. Akasema usiku mwema, bibi, bila kuambiwa na mtu.

Mjini tovuti ilipokelewa. Ilibidi mke mwenza aondoe lile jua siku ya kumwonyesha mwalimu, maana darasa lao ni la asubuhi. Nilinuna, lakini nilimruhusu kwa siku ile moja, na aliporudi tukalirudisha. Mwalimu alibonyeza mpaka mwisho, kwa hiyo anaujua. Mke mwenza anaujua, na mimi naujua. Dar es Salaam hawaujui. Binti yangu alitaka kubonyeza mwenyewe mtoto akiwa shuleni, akakutana na jua.

Siku hizi hawangojei Jumapili. Saa moja ikipita kidogo, simu inalia, na si mama yake anayepiga. "Shikamoo bibi. Fisi bado amekaa. Leo pia sibonyezi." Namwambia hiari yako, mume wangu. Mwisho wake simwambii. Asiyeitikia hapewi mwisho, hiyo sheria siivunji kwa ajili ya mume wala nani.

Basi namweleza mengine. Jana nilimwambia kuku mweupe ameanza kuatamia.

"Ee," akasema.

Nikamwambia mvua imenyesha upande wa Iguguno, huku bado, tunatazama mawingu tu.

"Ee."

Nikamwambia yule mbuzi mkorofi amekula kamba aliyofungiwa.

"Ee," akasema. Halafu akaniuliza kama mlango nimeufunga au nimeurudishia.